Mfuko wa Dagaa na Matabaka ya Udongo

Dagaa wa Kigoma hawahitaji kusifiwa. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam, mpishi akiambiwa kwamba dagaa walio mbele yake ni wa Kigoma, haulizi swali la pili isipokuwa bei. Huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Alfajiri mitumbwi hurudi Kibirizi, Katonga na Ujiji, na jua likichomoza akina mama huwa wamekwisha kuwatandaza mchangani na juu ya vichanja. Wakikauka hutiwa katika mifuko, mifuko katika magunia, na magunia mengine hupakiwa garini kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,200, juu ya reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Ni katika safari hiyo, na katika maghala yaliyo mwisho wake, kwamba mali huanza kupungua bila ya kuibwa. Dagaa waliotoka Kibirizi wakimetameta kama fedha hufika wakiwa na rangi ya manjano, pengine ya kahawia, na ulimi ukiwaonja wapata uchungu wa mafuta yaliyochacha. Bei huanguka. Mchuuzi hulilaumu jua kwamba halikutosha, au mvua, au mnunuzi kwamba ni mjanja. Lawama hizo huwa na haki yake mara nyingi. Lakini yuko mwizi mwingine asiyetajwa kamwe, naye ni hewa, ambayo hupenya katika ngozi ya mfuko uliofungwa vizuri, usio na tundu wala mshono ulioachia.

Leo twataka kusema habari za ngozi hiyo, na habari za udongo, na jinsi vitu hivi viwili vinavyoweza kukutana.

Kwanza tusafishe jina, maana jina limetupoteza. Sisi sote, mjini na kijijini, twasema "mfuko wa nailoni." Mfuko ule si nailoni hata kidogo. Ni polithini. Nailoni ya kweli ni ile aliyo nayo mvuvi mkononi mwake: uzi wa nyavu zilizokuja kuondoa nyavu za pamba na katani, kwa sababu hauozi majini. Nailoni ilibuniwa Marekani mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake. Na aina yake nyingine, iitwayo nailoni 6, ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1938 na Paul Schlack. Polithini ni ndugu wa mbali tu. Mtu akidhani kwamba haya ni maneno ya waalimu wa shule, na atazame tofauti ya tabia zao. Polithini huzuia unyevu vizuri, lakini huiachia oksijeni ipite karibu kama chujio. Nailoni hufanya kinyume: huzuia oksijeni vizuri zaidi kwa mbali, lakini unyevu huinyonya. Kwa hiyo mchuuzi anayeambiwa kwamba dagaa wake wamo katika nailoni, nao wamo katika polithini, amefungiwa mlango dhidi ya mvua akaachiwa wazi mlango wa oksijeni. Na oksijeni ndiyo inayoyachachisha mafuta ya samaki. Mawese yaliyokaa muda mrefu ndani ya dumu la plastiki, hasa dumu lililowekwa mwangani, hupatwa na balaa lile lile.

Watu wa Kigoma wana mfano mkubwa wa jambo hili karibu na gati lao. Meli iliyoitwa Graf von Götzen ililetwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isipate kuangukia mikononi mwa adui zao. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini zake grisi nene. Ilikaa chini ya maji miaka mingi. Ilipoinuliwa mwaka 1924 injini zilionekana kwamba bado zafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ngozi nyembamba ya grisi, isiyoruhusu maji na oksijeni kuufikia upesi mwili wa chuma, ndiyo iliyookoa mali yote ile. Basi swali letu ni hili: je, ngozi ya plastiki nayo yaweza kufanywa iwe kinga ya namna hiyo, bila ya kuifanya nene na ghali?

Jibu lilitoka mahali pasipotarajiwa. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa maabara ya kampuni ya Toyota, huko Japani, walikuwa wakitafuta plastiki nyepesi ya kuweka karibu na injini ya gari. Nailoni peke yake ilikuwa ikilegea kwa joto. Desturi ya viwanda ilikuwa ni kuichanganya na unga wa madini, au na nyuzi za kioo, kwa wingi: sehemu 20 au 30 katika kila 100. Plastiki huwa ngumu kweli, lakini huwa nzito pia. Wao walichukua udongo, kiasi cha sehemu 4 au 5 tu katika kila 100, na wakapata zaidi ya walichotegemea. Katika habari waliyoitangaza mwaka 1993 walionyesha kwamba ukakamavu wa nailoni ile ulikuwa karibu mara mbili. Nguvu yake ya kuhimili kuvutwa iliongezeka kwa nusu nzima. Kiwango cha joto ambacho nailoni huanza kupinda chini ya mzigo kilipanda kutoka nyuzi 65 hadi kupita 140. Tena ilinyonya maji kidogo kuliko kwanza. Kifuniko cha mkanda wa injini kilichotengenezwa kwa nailoni hiyo kilikuwa kimekwisha kuingia katika magari karibu na mwaka 1990.

Udongo gani huo? Hapa yatubidi twende polepole, maana ndipo penye kiini cha mambo.

Kila aliyewahi kuushika ulanga anajua jinsi unavyobanduka. Waubandua tabaka moja kwa ukucha, na chini yake pana tabaka jingine, na jingine, mpaka macho yachoke. Ulanga ulichimbwa katika milima ya Uluguru tangu enzi ya Wajerumani, na vioo vya baadhi ya taa za karabai vilifanywa kwa ulanga kwa kuwa haupasuki kwa joto. Upo udongo ambao umbo lake la ndani ni kama la ulanga, ila matabaka yake hayaonekani kwa macho. Huitwa montimoriloniti, kwa jina la mji wa Montmorillon katika Ufaransa. Kila tabaka lake lina unene wa nanometa moja tu, yaani milimita moja ikikatwa vipande milioni. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa nanometa kama 80,000. Lakini upana wa tabaka hilo ni mara mia na zaidi ya unene wake, kwa hiyo si chembe ya mviringo kama mchanga. Ni bapa, kama jani la kitabu.

Kitabu kikifungwa, majani yake mengi ni kitu kimoja kinene. Kikifunguliwa na majani yakatawanywa, huenea sakafu nzima. Udongo huu ni vivyo hivyo. Gramu moja ya montimoriloniti, matabaka yake yote yakitengana, ina uso wa zaidi ya mita 700 za mraba. Gramu kumi, ambazo zingetosha katika kiganja cha mtoto, zina uso wa kutandaza kiwanja kizima cha kandanda. Hii ndiyo sababu ya udongo kidogo kufanya kazi kubwa. Kazi haifanywi na uzito wa udongo, bali na nyuso zake. Udongo ule ule, matabaka yakiwa bado yameshikana, si chochote zaidi ya mchanga ndani ya plastiki. Tena ni mchanga wenye madhara, kwa kuwa kila donge huwa mahali pa ufa kuanzia.

Wakulima wanaujua udongo wa jamii hii, ingawa hawalijui jina lake la kitaalamu. Ni ule udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika hata magari yakwame mpaka kwenye ekseli, na kiangazi ukapasuka nyufa za kuingiza mguu. Huvimba kwa sababu baina ya matabaka yake pana chembe za sodiamu au kalisi zinazoyaita maji, na maji yakiingia huyasukuma matabaka mbali mbali. Basi fundi wa plastiki angetaka plastiki iingie pale maji yanapoingia. Lakini plastiki nyingi na maji ni kama mafuta na maji. Hazikai nyumba moja. Udongo wapenda maji, plastiki yapenda mafuta.

Ni nani wa kuwapatanisha? Watu wa Kigoma wanaopika sabuni ya mawese wangeweza kutoa jibu bila ya kwenda Japani. Sabuni ni kitu chenye kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta. Kwa hiyo huyashika yote mawili. Wataalamu wa plastiki hufanya hila hiyo hiyo. Huziondoa chembe za sodiamu baina ya matabaka, na mahali pake huweka chembe ndefu zenye kichwa kinachoushika udongo na mkia unaoikaribisha plastiki. Watu wa Toyota walifanya hivyo. Kisha wakaingiza humo kaprolaktamu, ambayo ndiyo malighafi ya nailoni 6, wakaiacha igeuke nailoni ikiwa humo humo ndani. Nailoni ilipokuwa ikikua iliyasukuma matabaka yakaachana, kila moja likaelea peke yake.

Sasa turudi kwenye mfuko wa dagaa. Fikiri mtu anayetoka Mwanga kushuka pwani kwa barabara iliyonyooka. Atafika upesi. Mtu yule yule mlazimishe apite vichochoroni Ujiji, na kila hatua akute ukuta umemkingama, hana budi kuuzunguka mpaka mwisho wake ndipo aendelee. Atafika, lakini jua litakuwa limekwisha kutua. Oksijeni inayopita katika plastiki yenye matabaka ya udongo hupita hivyo. Mwaka 1967, kabla ya Wajapani kufanya kazi yao, Mmarekani mmoja aitwaye Lawrence Nielsen alikuwa amekwisha kuipigia hesabu njia hiyo. Kwa hesabu yake, mabapa ambayo upana wake ni mara 100 ya unene, yakiwa ni sehemu 2 tu katika 100 za ujazo, na yakilala yote sambamba na uso wa mfuko, huirefusha njia ya hewa mara mbili. Hewa inayopita hupungua kwa nusu. Mabapa yakiwa mapana zaidi, njia huzidi kurefuka. Lakini neno "yakilala" lina uzito wake. Mabapa yaliyosimama wima hayamzuii mtu. Ni kama kuta zilizojengwa kufuata barabara.

Jambo hili si la maabara tu. Nailoni yenye udongo imetumika kuwa tabaka la katikati katika chupa za plastiki za bia, ili oksijeni isiingie na gesi isitoke. Hata katika moto matabaka haya husaidia: plastiki ikiungua, udongo hubaki juu yake kama gaga, ukapunguza kasi ya moto. Hatusemi kwamba haiungui. Asije mtu akasikia nusu ya habari akaweka dumu karibu na jiko.

Sasa tuseme yale ambayo wauzaji wa bidhaa mpya hawapendi kuyasema.

La kwanza ni kwamba nailoni ni rahisi kuupokea udongo, lakini polithini na polipropilini si rahisi. Na hizo ndizo zinazofanya mifuko yetu, ndoo zetu, madumu yetu na magunia yetu. Ili zikubali, huhitaji msaidizi wa tatu, plastiki iliyobadilishwa kidogo ili iushike udongo. Yawezekana: mwaka 2002 kampuni ya General Motors iliuza magari ya Astro na Safari yenye ngazi ya kupandia iliyofanywa kwa plastiki ya jamii ya polipropilini na udongo wa matabaka. Lakini yataka mashine nzuri na mafundi wanaojua wanachofanya. Joto likipita kiasi, ile mikia inayowapatanisha huanza kuharibika, na kazi yote ikawa bure.

La pili ni jua, nasi twaona kwamba ndilo kubwa kwa watu wa ziwani. Imeonekana mara nyingi kwamba polithini na polipropilini zenye udongo wa namna hii, zikiachwa juani, huchakaa upesi kuliko zisizo nao. Chembe za chuma zilizomo katika udongo na masalio ya zile dawa za kupatanisha huiharakisha kazi ya mwanga. Dumu linalosifiwa katika chumba chenye kivuli huko Ulaya laweza kupasuka mapema likikaa juu ya mtumbwi Kibirizi. Zipo dawa za kuikinga plastiki na jua, lakini lazima ziwekwe kwa kipimo, na lazima mnunuzi aulize kama zimewekwa.

La tatu lawahusu wafanyakazi, na hatutaki lipite kimya. Udongo huingia kiwandani ukiwa unga mkavu, mwepesi kuliko ngano. Anayefungua magunia na kuumimina katika mashine ndiye anayeuvuta kifuani. Udongo wa asili mara nyingi huwa na chembe za silika ngumu ndani yake, na vumbi la silika, likivutwa miaka mingi, huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na dawa ya kuuponya. Matabaka yakisha kushikwa ndani ya plastiki hatari hiyo hupungua sana. Hatari iko mlangoni, katika gunia. Feni ya kuvuta vumbi, barakoa ya kweli na si kitambaa kilichofungwa puani, na mahali pa kumimina palipofunikwa, ni vyombo vya kazi kama nyundo na spana. Kiwanda kinachonunua mashine ya kuchanganya na kuahirisha feni kimepanga hesabu yake juu ya pafu la mtu.

La nne, plastiki yenye udongo haiachi kuwa plastiki. Haitaoza kwa sababu ina udongo ndani. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, na Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake hukaa karne nyingi kabla ya kubadilika, si mahali pa kutupia masalio ya uvumbuzi wa mtu yeyote. Faida ya ngozi imara ni kwamba yaweza kuwa nyembamba, kwa hiyo plastiki ikatumika kidogo. Hasara yake ni kwamba mfuko wenye matabaka ya vitu mbalimbali ni mgumu kuyeyushwa na kutumika tena. Mambo haya mawili hayana budi kupimwa pamoja.

Wasomaji wengine watauliza: je, udongo huu si tunao? Tunao wa namna nyingi. Tuna kaolini katika vilima vya Pugu, tuna ulanga, tuna grafiti ya Mahenge na Lindi, ambayo nayo ni ya matabaka, na tuna mbuga zenye udongo unaovimba. Lakini tusijidanganye kwa wingi. Matabaka ya kaolini yameshikana kwa nguvu zaidi, wala maji hayayafungui kama yafunguavyo montimoriloniti. Kaolini yafaa kwa kazi nyingine nyingi, lakini si kwa hii bila ya taabu kubwa. Udongo wa mbugani umechanganyika na mchanga, mizizi na chuma. Lazima uoshwe, uchujwe na upimwe ndipo thamani yake ijulikane. Tani ya udongo ghafi ni bei ya chepeo na lori. Udongo uliosafishwa na kupewa ile mikia ya kupatana na plastiki ni bidhaa ya kiwanda, na bei yake ni ya kiwanda. Tofauti baina ya bei hizo mbili ni ujira wa watu fulani mahali fulani, nasi twapenda watu hao wawe hapa.

Hatushauri mtu kujenga kiwanda kesho. Twashauri jambo dogo linalowezekana msimu huu, nalo halihitaji mgeni wala mkopo. Dar es Salaam tuna shirika la utafiti wa viwanda, TIRDO, na shirika la viwango, TBS. Kigoma penyewe pana kituo cha utafiti wa samaki cha TAFIRI. Wachukuliwe dagaa wa usiku mmoja, waliokaushwa siku moja, wa mama mmoja. Wagawanywe mafungu matatu: moja katika polithini ya kawaida, la pili katika mfuko wenye tabaka la nailoni katikati ya polithini, la tatu katika mfuko kama huo ambao nailoni yake ina udongo. Yapandishwe gari moja, yalazwe ghala moja. Baada ya mwezi yafunguliwe, na tena baada ya miezi mitatu. Mafuta yao yapimwe maabara, na bei ya kila mfuko iandikwe pembeni. Kisha mafungu yale yapelekwe sokoni Kibirizi, yawekwe mbele ya akina mama waliowaanika, bila ya kuambiwa ni lipi lilitoka mfuko gani, nao wanuse.